Magari ya Kale ya Kijeshi na Tairi Kubwa: Mchanga Unataka Nini?



Mada ya leo ni magari, lakini si yale yanayong'aa katika maduka ya mawakala. Ni pikapu kuukuu zenye asili ya kijeshi, ambazo wenyewe huziinua springi na kuzivisha tairi kubwa kuliko zile zilizotoka nazo kiwandani. Mazungumzo yanaanzia Saudi Arabia, katika miji ya Riyadh na Jeddah, ambako kazi hiyo imekuwa ufundi, mchezo na fahari kwa wakati mmoja. Yatamalizikia Afrika Mashariki, ambako nako wapo wanaoitamani.

Ifikapo Alhamisi jioni, mapumziko ya mwisho wa wiki yanapoanza, barabara zitokazo Riyadh hujaa magari yaelekeayo jangwani. Wengine hushika njia ya kaskazini hadi Thumama. Wengine huenda magharibi, wakateremka magenge ya Tuwaiq na kufika kwenye mchanga mwekundu. Huko watu hupiga mahema, huchemsha kahawa na kuchoma nyama, na vijana hushindana kupanda vilima vya mchanga. Miongoni mwa magari hayo zimo pikapu zilizoinuka mno, hata dereva hulazimika kushika mlingoti wa mlango na kujivuta ili apate kuketi nyuma ya usukani. Anayeziona kwa mara ya kwanza hudhani kwamba urefu huo ndio unaoushinda mchanga. Je, ni kweli? Na kama si kweli, gharama yake humwangukia nani?

Ili kulijibu swali hilo, hapana budi kurudi nyuma hadi Jeddah ya miaka ya 1920.

Mfalme Abdulaziz aliutwaa mji huo mwezi Desemba mwaka 1925. Wakati huo Jeddah ilikuwa bado imezungukwa na ukuta wake, ukuta uliodumu hadi ulipobomolewa mwaka 1947. Nje ya ukuta, upande wa kaskazini kando ya bahari, palikuwapo Ruwais, kijiji cha wavuvi ambacho baadaye kilimezwa na jiji na kuwa mmoja wa mitaa yake. Magari yalikuwa machache, na mengi yalishushwa bandarini. Mwingereza Harry St John Philby, aliyekuwa karibu na mfalme, aliendesha mjini humo kampuni ya biashara iliyokuwa wakala wa magari ya Ford.

Dereva aliyetoka nje ya ukuta huo hakuikuta lami. Alikutana na mchanga mlaini, na karibu na bahari alikutana na ardhi ambayo Waarabu huiita sabkha: juu ni ganda la chumvi lililokauka, chini ni tope. Gari zito lenye tairi nyembamba lililivunja ganda hilo na kuzama hadi kwenye ekseli. Kwenye mchanga mlaini ngamia alipita akaenda zake. Tofauti haikuwa nguvu, kwa kuwa injini ya Ford ilikuwa na nguvu kuliko ngamia yeyote. Tofauti ilikuwa unyayo. Unyayo wa ngamia ni mpana na laini, na kila anapoukanyagisha hutanuka, uzito wake ukagawanyika juu ya eneo kubwa.

Somo hilo la unyayo lilijifunzwa upya na watu waliokuja kutafuta mafuta. Mkataba wa kwanza wa mafuta kati ya serikali ya Saudi Arabia na kampuni ya Kimarekani ya Standard Oil of California ulitiwa saini Jeddah, katika kasri la Khuzam, tarehe 29 Mei 1933. Septemba mwaka huo huo wanajiolojia wa kwanza waliteremka Jubail, pwani ya mashariki. Wataalamu hao walikuwa na ramani chache na jangwa lisilo na mwisho, na upesi walitambua kuwa tairi za kawaida za wakati ule, nyembamba na zilizojazwa upepo mwingi, zingewakwamisha kila siku. Wakaanza kutumia tairi pana zenye upepo mdogo. Mafuta yalipopatikana kwa wingi katika kisima namba 7 cha Dammam, Machi 1938, tairi ya mchanga ilikuwa imekwisha kuwa chombo cha kazi, sawa na nyundo ya mwanajiolojia.

Ng'ambo ya Bahari ya Sham, katika jangwa la Misri na Libya, afisa wa jeshi la Uingereza Ralph Bagnold alikuwa amefikia jambo lilo hilo kwa njia yake. Tangu miaka ya 1920 alisafiri na wenzake kwa magari ya Ford, wakipunguza upepo wa tairi na kubeba mabamba ya chuma ya kutandika chini ya magurudumu yanapozama. Vita Kuu ya Pili ilipofika Afrika Kaskazini, mwaka 1940 Bagnold aliunda kikosi cha doria za mbali jangwani. Kikosi hicho kilitumia malori madogo ya Chevrolet yaliyofungwa tairi pana za mchanga. Ajabu ni kwamba Chevrolet hizo zilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Hazikuwa na gia ya kuendesha magurudumu yote manne, wala hazikuinuliwa kwa fahari. Zilivuka bahari ya mchanga kwa tairi pana, upepo mdogo na dereva mwenye jicho la kuusoma mchanga.

Vita vilipokwisha, kampuni ya Dodge ya Marekani, ambayo ilikuwa imelitengenezea jeshi maelfu ya malori madogo ya magurudumu manne, ililivua gari hilo sare na kuliuza kwa raia kuanzia mwaka 1946 kwa jina la Power Wagon. Lilikuwa gari lisilo na madaha: pua ndefu, injini ya silinda sita yenye nguvu za farasi zipatazo 94, na tairi za ukubwa wa 9.00-16, ambazo kipenyo chake kinakaribia sentimita 90. Kampuni ya mafuta, ambayo tangu 1944 ilijulikana kwa jina la Aramco, ililitumia sana katika kazi zake za jangwani, mara nyingi likiwa limevishwa tairi za mchanga. Hii ndiyo mizizi ya mada ya leo: pikapu ya kijeshi, tairi kubwa, na mchanga wa Arabuni. Aliyeibadili tairi hiyo alikuwa na haja yake, na haja hiyo ilikuwa kazi.

Baadaye zikaja gari za Kijapani. Land Cruiser nayo ina damu ya kijeshi, kwani babu yake, Toyota BJ ya mwaka 1951, alizaliwa wakati wa vita vya Korea kwa mfano wa gari la jeshi la Marekani, na jina la Land Cruiser likafuata mwaka 1954. Mwaka 1955 Abdul Latif Jameel, mfanyabiashara wa Jeddah, alianza kusambaza Toyota nchini Saudi Arabia, na pikapu za Land Cruiser zikaingia katika maisha ya mfugaji, mjenzi na askari. Pikapu ya aina hiyo Wasaudi huiita «shas», neno litokanalo na «chassis» la Kiingereza, lile lile lililowapa mafundi wa Kiswahili chasisi yao. Mpaka leo shas kuukuu ni mali. Mwenye nayo hupewa bei mnadani, na kijana aliyeirithi kwa babu yake haoni haya kuiegesha kando ya gari jipya.

Hebu sasa tuingie gereji, tuone kazi yenyewe inavyofanyika.

Jambo la kwanza ni tairi. Tuchukue mfano wa pikapu iliyotoka kiwandani na tairi yenye kipenyo cha sentimita 80. Mwenyewe anataka tairi ya inchi 37, yaani sentimita 94. Tairi hiyo haitaingia, kwa maana itasugua matao ya bodi kila usukani unapokatwa na kila gari linaporuka shimo. Kwa hiyo fundi hana budi kupata nafasi. Anaweza kuiinua bodi peke yake juu ya chasisi kwa kuweka vipande vya mpira mgumu au chuma. Anaweza pia kuinua springi: ataongeza mabamba katika fungu la springi, au atapachika vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Katika magari ambayo ekseli hukaa juu ya springi, wengine huzihamisha springi zikae juu ya ekseli, na gari huinuka ghafla kwa zaidi ya sentimita 10.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Kuinua springi hakuinui difu. Ile tufe ya chuma iliyo katikati ya ekseli, ambayo ndiyo kitu cha chini kabisa kwenye gari na ndiyo inayogonga mawe na kulima mchanga, hubaki pale pale ilipokuwa. Springi zikiinuliwa hata mita moja, difu haitasogea. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, nayo huiinua kwa nusu tu ya nyongeza ya kipenyo. Katika mfano wetu, tairi iliyoongezeka sentimita 14 itaiinua difu kwa sentimita 7. Urefu wote mwingine ni nafasi tu ya kuipisha tairi isisugue. Mwenye gari anapoiinua pikapu yake kuliko tairi zake zinavyohitaji, ananunua urefu usiomsaidia popote, si mchangani wala mawemawe.

Sasa tuutazame mchanga wenyewe. Tuseme kila gurudumu la pikapu hiyo linabeba kilo 600. Tairi ikijazwa upepo wa ratili 35 kwa inchi ya mraba, sehemu yake inayogusa ardhi, kwa makadirio, ni kama sentimita za mraba 245, yaani ukubwa wa daftari dogo la shule. Upepo ukipunguzwa hadi ratili 15, unyayo huo hutanuka hadi kama sentimita za mraba 570. Umeongezeka zaidi ya mara mbili, na hapakutumika hata senti moja. Kilichotumika ni kijiti cha kubonyezea vali na dakika chache za subira. Tairi huzidi kurefuka kuliko kupanuka, ikajilaza juu ya mchanga kama mnyororo wa kifaru cha vita, badala ya kuuchimba.

Ndiyo maana wazoefu wa jangwa la Nafud na Rub' al-Khali hawaulizani kwanza gari la fulani lina urefu gani. Huulizana wametoa upepo kiasi gani. Hata katika mashindano ya Dakar, ambayo yamekuwa yakifanyika Saudi Arabia tangu Januari 2020 yalipoanzia Jeddah, upepo wa tairi ni silaha ya dereva, na baadhi ya magari ya mashindano hayo yana mitambo ya kuupunguza na kuuongeza dereva akiwa ameketi kitini. Tairi kubwa ina faida yake, kwa sababu ina tumbo kubwa zaidi la kulaza. Lakini tairi kubwa iliyojazwa upepo wote itazama na mwenyewe, huku tairi ya kawaida iliyopunguzwa upepo ikimpita taratibu.

Hapa inafaa kutoa tahadhari moja. Upepo uliotolewa jangwani lazima urudishwe kabla ya kukanyaga lami. Tairi laini ikikimbizwa kwenye barabara kuu hupata joto kutokana na kukunjwakunjwa kwa mbavu zake, na hatimaye hupasuka. Pampu ndogo ya upepo ni sehemu ya safari kama yalivyo maji ya kunywa.

Gharama ya urefu nayo inahitaji kuhesabiwa moja baada ya nyingine, kwa kuwa mwenye gereji hana haraka ya kuihesabu mbele ya mteja.

Kwanza ni breki. Breki hushika kwenye kitovu cha gurudumu, lakini gari husimama pale tairi inapogusa barabara. Kadiri tairi inavyokuwa kubwa, ndivyo umbali kati ya sehemu hizo mbili unavyoongezeka, na nguvu ya breki hudhoofika njiani. Kwa tairi ya sentimita 94 badala ya 80, mguu ule ule juu ya pedali ile ile huleta nguvu ya kusimamisha iliyopungua kwa karibu asilimia 15. Bado hapo uzito wa tairi yenyewe haujahesabiwa, maana kitu kizito kinachozunguka kina ubishi zaidi kukisimamisha. Magari ya kale ya kijeshi, kama lile la Dodge, yalikuwa na breki za ngoma zilizokusudiwa mwendo wa pole wa msafara. Mtu anayelitia injini mpya yenye nguvu na kuliacha na breki za babu yake amelipa gari miguu ya duma na akili ya kobe.

Pili ni kipimo cha mwendo. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja. Kwa vipimo vyetu, mshale ukionyesha kilometa 100 kwa saa, gari kwa hakika linakwenda zaidi ya 117. Dereva anadhani ametii sheria, kumbe ameivunja, na umbali anaouhitaji kusimama umeongezeka pasipo yeye kujua. Injini nayo hujiona imefungwa gia ndefu, ikachoka milimani na kunywa mafuta zaidi. Tiba yake ni kubadilisha meno ya difu, kazi ya ghali ambayo wengi huiahirisha.

Tatu ni viungo. Gari likiinuka, propela huinama kwa pembe kali, na krosi zake huanza kutetemeka na kulika. Vyuma vya usukani navyo hupinda pembe, hata gari likiruka tuta usukani hujikata wenyewe. Mipira ya breki iliyokuwa na urefu wa kutosha huvutika hadi karibu kukatika. Beringi za magurudumu hubeba mzigo ambao hazikuzaliwa nao. Fundi mwema hubadilisha vyote hivi pamoja na springi, na fundi mbaya hubadilisha springi na rangi.

Nne, na ndilo kubwa kuliko yote, ni kupinduka. Kila gari lina kitovu cha uzito. Gari likiwa na upana wa sentimita 150 kati ya magurudumu ya kushoto na kulia, na kitovu chake kikiwa sentimita 75 kutoka ardhini, basi kwa hesabu ya karatasini laweza kuinama hadi nyuzi 45 kabla ya kuanguka ubavu. Kikipandishwa hadi sentimita 92, mpaka huo hushuka hadi kama nyuzi 39. Mtu akisikia nyuzi sita ataona ni kidogo. Lakini katika kona ya ghafla, dereva anapomkwepa ngamia usiku au mtoto aliyekimbilia mpira, nyuzi hizo sita ndizo zilizobaki kati ya kuyumba na kubingirika. Na katika pikapu, mara nyingi nyuma wamo watu.

Wanaolipa si wale waliomo ndani peke yao. Bampa lililoinuka hadi usawa wa dirisha la gari dogo, yanapogongana, halikutani na chuma kilichowekwa kupokea kishindo. Hukutana na mlango, kioo na kichwa cha aliyeketi. Taa zilizopandishwa juu humpofusha dereva anayekuja. Na mtoto aliyesimama mbele ya gari lililo refu namna hiyo haonekani kutoka kitini.

Mambo haya si ya nadharia katika nchi hiyo. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, karibu watu 9,000 walikufa katika ajali za barabarani nchini Saudi Arabia mwaka 2016. Miaka iliyofuata idadi hiyo ilipungua sana, baada ya kamera za barabarani kuenezwa na adhabu kukazwa. Mwaka huo huo wa 2016 serikali ilipandisha adhabu ya mchezo wa kuserereza magari barabarani, maarufu kwa jina la tafheet, hadi faini ya riyali 20,000 kwa kosa la kwanza, pamoja na gari kuzuiliwa. Ama kuhusu kubadili umbo la gari, sheria za usalama barabarani zinataka idhini kabla ya kazi, na gari hutakiwa kupita katika ukaguzi wa mara kwa mara unaoitwa fahs. Sheria, kwa hiyo, haikukosekana. Lakini sheria humfikia mtu barabarani, na kazi hufanyika gereji.

Na gereji hizo, ni za nani? Katika eneo la karakana la Riyadh liitwalo Sinaiya, na katika maeneo ya aina hiyo mjini Jeddah, sehemu kubwa ya mikono inayofungua bolti na kuchomelea vyuma ni mikono ya wageni: watu kutoka Yemen, Pakistan, India, Ufilipino, Sudan na kwingineko. Kwa miaka mingi ukaazi wa mfanyakazi mgeni ulifungamana na mwajiri wake. Mageuzi yaliyoanza kutumika Machi 2021 yaliwapa wafanyakazi wengi wa sekta binafsi nafasi zaidi ya kuhama mwajiri, lakini hayakuwahusu wafanyakazi wa majumbani, wakiwamo madereva wa nyumbani, kazi ambayo imewavuta watu wengi wa Kenya na Uganda.

Jambo hili linaigusa mada yetu kuliko linavyoonekana. Usalama wa gari lililobadilishwa hutegemea neno moja la fundi, nalo ni «hapana». Hapana, tairi hii ni kubwa mno kwa breki hizi. Hapana, siwezi kurundika vipande viwili vya chuma chini ya springi ya mbele. Fundi ambaye mkate wake na kibali chake viko mikononi mwa mtu mmoja hulitamka neno hilo kwa shida. Vivyo hivyo dereva aliyetoka Mombasa au Kampala, akikabidhiwa ufunguo wa pikapu ya kijana wa nyumba na kuambiwa awapeleke watoto jangwani, atauliza kwa sauti gani kama mipira ya breki imebadilishwa? Kwa hiyo urefu unaonunuliwa na mmoja huendeshwa na mwingine, na huangukia wa tatu.

Tukigeukia Afrika Mashariki, historia imekwisha kutufundisha juu ya mitambo ya vita inayopewa kazi nyingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Tanganyika, kwa kuanzia Kongwa. Ililetwa mitambo iliyobaki vitani, hata vifaru vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mitambo ikavunjika, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Kosa halikuwa la chuma. Kosa lilikuwa kudhani kwamba chenye nguvu mahali pamoja kina nguvu kila mahali.

Ndivyo ilivyo kwa tairi. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki adui wa dereva ni tope la masika, hasa ule udongo mweusi wa mbugani unaonata kama ugali usioiva. Kwenye tope la namna hiyo, ambalo chini yake kuna ardhi ngumu, tairi pana huelea juu na kuteleza kama mtumbwi, ilhali tairi nyembamba na ndefu hukata tope hadi ikaikuta ardhi ngumu na kushika. Ndiyo sababu Land Rover na Land Cruiser za serikali, za mashirika ya misaada na za mapadri zilitembea kwa miaka mingi na tairi nyembamba, zikafika vijijini. Kijana wa Arusha au Nakuru anayeiga tairi pana za Riyadh ameazima dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Wahenga walisema: mwiga tembo hupasuka msamba.

Hii haina maana kwamba kubadilisha gari ni upuuzi. Nchini Kenya, mashindano ya Rhino Charge yamefanyika tangu mwaka 1989, na fedha zake zilisaidia kujenga uzio wa milima ya Aberdare uliokamilika mwaka 2009. Magari yake yamebadilishwa mno. Lakini humo hashindi mwenye mbio. Hushinda anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, akipita makorongoni na vichakani. Kila badiliko la gari lina swali linalolijibu: jiwe hili, korongo hili, mteremko huu. Na magari hayo huvishwa fremu ya chuma ya kuwalinda waliomo likipinduka, kwa kuwa walioyajenga walikubali mapema kwamba litaweza kupinduka.

Basi, aliye na pikapu kuukuu na anayefikiria kuiinua, ajiulize mambo machache kwa mpangilio. Gari hili linakwama wapi hasa, mchangani, topeni au kwenye mawe? Je, nimekwisha kujaribu kupunguza upepo, jambo lisilo na gharama? Tairi ninayoitaka inahitaji nafasi kiasi gani, na je, naweza kuinua kiasi hicho tu, nisizidishe? Breki, mipira yake, vyuma vya usukani na krosi vimo katika hesabu ya fundi, au vimeachwa kwa ajili ya mwezi ujao? Sheria na bima ya gari langu zinasemaje? Na mwisho: nani mwingine ataliendesha, na nani ataketi nyuma?

Wale waliovuka majangwa ya Arabuni na Libya kwa pikapu na malori madogo hawakuyashinda kwa kusimama juu zaidi yake. Walitoa upepo, tairi ikalala, gari likashuka kidogo, na mchanga ukawaruhusu wapite. Waswahili walilijua hilo kabla ya kuona gari wala jangwa, waliposema: mtaka cha mvunguni sharti ainame.